Vidole Ndani ya Mti wa Saba

Harufu ndiyo iliyomwambia. Alikuwa ameinua sufuria ya chai kutoka jikoni kwa mikono mitupu, akaibeba hatua nne hadi mezani, akaitua, akarudi kabatini kutafuta vikombe. Mdogo wake, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa ameketi dirishani akikunja pindo la suruali ya mteja, akainua pua.

"Dada, unachoma nini?"

"Sichomi kitu."

"Basi kuna nyama inaungua."

Akavigeuza viganja vyake. Kwenye ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia ngozi ilikuwa imejikunja na kugeuka nyeupe kama utando wa maziwa. Alivitazama vidole hivyo kama mtu anayetazama viatu vya mgeni vilivyoachwa mlangoni pake: ni vya nani, na mwenyewe yuko wapi? Kisha akautia mkono mfukoni mwa aproni.

"Labda ni kwa jirani," alisema.

"Jirani gani? Yule hajala nyama tangu mwezi uliopita. Angeila tungejua, angekuja kutuhesabia vipande."

Wakacheka wote wawili. Mdogo wake alicheka kwa sababu alijua kuchekesha. Yeye alicheka ili meno yake yapate kazi nyingine, maana yalikuwa yameanza kugongana.

Kazini walimwita Mama Vidole, ingawa hakujaliwa mtoto. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhesabu mayai katika kituo cha utafiti kilicho ukingoni mwa msitu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka vyumba viwili alivyopanga na mdogo wake. Mayai yenyewe si ya kuku. Ni ya mjusi mmoja wa msituni ambaye wafanyakazi wa kituo humwita mjusi-gome, ndugu wa mbali wa yule wa ukutani anayewinda wadudu kwenye taa. Lakini huyu hafiki mjini. Maisha yake yote huyamaliza kwenye miti mikubwa, na rangi yake ya kijivu yenye madoa ya kijani imelifuata gome kiasi kwamba unaweza kumwekea kidole mgongoni ukadhani umegusa mti. Hana kope. Jicho likiingia vumbi hulilamba kwa ulimi, na hata akilala macho yako wazi, ndiyo maana wageni wanaomwona mara ya kwanza hurudi nyuma hatua moja. Chini ya vidole vyake kuna vinyweleo vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na kwa hivyo hupanda penye utelezi na kutembea kichwa chini bila kutafuta pa kushika. Akikamatwa mkia, huuacha. Mkia unabaki ukirukaruka mbele ya adui, mwenyewe ameshaingia ufani zamani.

"Ningekuwa na akili za mjusi," Bwana Ngazi alipenda kusema, "ndoa yangu ya kwanza ningeachia koti tu, nikaenda zangu."

Bwana Ngazi ndiye aliyebeba ngazi, akaishika, na akaandika kwenye daftari idadi iliyotajwa kutoka juu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne, na kila mwaka ndoa hiyo ya kwanza ilizidi kuwa mbaya.

Jike la mjusi-gome hutaga mayai mawili kwa mara moja, ndani kabisa ya tundu la mti mzee. Mti kijana haumfai, kwa kuwa bado haujaoza moyo. Yai likitoka ni laini kama donge la unga. Hulishika kwa miguu ya nyuma, akaligeuzageuza, akalibandika ukutani mwa tundu, na saa moja haipiti kabla halijakuwa gumu kama kauri. Halibanduki tena. Majike wengine huja kubandika yao ubavuni, mwaka baada ya mwaka, juu ya maganda ya waliokwisha kuanguliwa, hata tundu zima likajaa vikombe vidogo vilivyoganda. Miezi mitatu, pengine minne, ndipo mtoto hutoboa ganda kwa jino dogo lililo mbele ya pua.

Shida ni kwamba majike hao hawataki mwanga. Tundu likimulikwa kwa tochi hata mara moja, wanalihama. Hapo mwanzo kituo kilipoteza miti miwili kwa namna hiyo. Tangu siku hizo kanuni ikawa moja: bila tochi, bila glavu, bila sabuni ya kunukia. Mhesabu hunawa kwa majivu, hupanda ngazi, huingiza mkono hadi kiwikoni, na husoma gizani kwa ncha za vidole. Yai lililo hai limejaa na linateleza, kama ukucha wa mtoto. Lililokufa lina kibonyeo. Ganda tupu lina kingo zinazokwaruza. Lililotagwa usiku wa jana bado linabonyea kidogo, na hilo ukiligusa unalitaka radhi na kuondoa kidole upesi.

Ilikuwa kazi ya vidole, basi. Cheti alichokuwa nacho kilikuwa mwishoni mwa mikono yake.

Na hofu yake ilikuwa na jina, ila hakulitamka. Mama yao alikuwa na kisukari. Kwa mama kilianzia miguuni: siku moja aliingia chumbani na kaa la moto limenasa kwenye unyayo, anatembea, anauliza nani amehamisha ufagio, chumba kinajaa moshi. Kikakatwa kidole kimoja. Halafu nusu ya wayo, halafu mguu chini ya goti. Mama alikwenda kaburini kwa mafungu, na binti mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, ndiye aliyefunga vitambaa kila mara. Tangu hapo, akiiona zahanati mbele yake alivuka barabara, kama mtu anayemkwepa mbwa aliyewahi kumng'ata.

Alijiambia kwamba jambo lisiloitwa haliji. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili na alijua kwamba huo ni uongo. Hata hivyo aliushika, kwa kuwa mkononi hakuwa na kitu kingine.

Wiki mbili baada ya ile sufuria, zamu ya Mti wa Saba ilifika. Zamani miti ya mayai katika msitu wa chini ilikuwa kumi na miwili, kila mmoja na kibati chake cha namba. Upepo ulikula mingine, ugonjwa wa mizizi mingine, mashoka mingine. Wa Saba ulikuwa umebaki peke yake, mnene, umepinda mgongo, na tundu lake liko juu, kimo cha mtu mara tatu. Hesabu ya mwisho ilikuwa mayai kumi na moja hai.

Alinawa kwa majivu. Akapanda. Akaingiza mkono.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu akajua kuwa kitu kipo, ila vidole vilikuwa kama vimevalishwa soksi. Akabonyeza kidogo ili asikie. Hakusikia, akabonyeza zaidi. Alipoutoa mkono, kidole cha shahada kilikuwa kimelowa. Ute wa njano, uzi mwembamba wa damu isiyo yake, na katikati ya ute huo doa jeusi, dogo kama mbegu ya ufuta.

Alikisogeza kidole karibu na uso. Doa lile lilikuwa jicho. Lilikuwa halina kope, na lilimtazama.

"Mangapi?" Bwana Ngazi aliuliza kutoka chini.

Alikuwa bado akilitazama lile jicho.

"Dada! Umelala huko? Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," Bwana Ngazi alirudia huku akiandika. "Hao wana adabu, hawapungui. Wangekuwa wanangu wangeshauzana."

Alikipangusa kidole kwenye gome, upande usioonekana kutoka chini, akashuka. Ngazi ikalia chini yake. Bwana Ngazi akasema ngazi imezeeka kama yeye, wakaenda zao.

Zamu iliyofuata aliogopa kubonyeza, akagusa kwa wepesi hata hakujua amegusa nini. Akahesabu kichwani hadi dakika saba, muda wa kawaida wa hesabu, zikatimia, akasema kumi na moja. Zamu ya tatu hali kadhalika. Ya nne pia. Kila aliposhuka alikuta idadi yake ya uongo imeshaandikwa kwa mwandiko safi wa mtu mwaminifu.

Akaanza kuogopa vitu vidogo. Alikagua viatu kabla ya kuvivaa, akazitazama nyayo zake kwa kioo cha mkononi kila alipotoka kuoga. Alitazama kisu muda wote alipokata kitunguu, bila kupepesa, mpaka akajiona mwenyewe amekuwa kama mjusi. Kiu haikumwachia. Alikunywa maji, akaamka, akanywa tena, akamwambia mdogo wake ni joto.

Jumapili moja mchana, fundi cherehani alikuwa na gauni refu la mteja, kitambaa cha kuteleza kisichokubali kushikwa na mtu mmoja.

"Nishikie pindo hapo, dada. Usivute. Shika tu."

Akashika. Mdogo wake akainama na pini midomoni, akachomeka moja, akachomeka nyingine, akanyamaza. Fundi huyu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alizungumza hata na cherehani.

"Kuna nini?" dada yake akauliza.

"Dada, tazama mkono wako."

Pini ilikuwa imepita kwenye kitambaa ikaingia kwenye nyama ya kidole gumba, na kichwa chake chekundu kilikuwa kimekaa pale kama kifungo.

"Hiyo ni ya pili," mdogo wake alisema. "Ya kwanza nilikosea. Nikakutazama, hukushtuka. Hii nimeichoma kusudi."

"Mikono ya kazi ni migumu. Unajua majivu yanavyokausha."

"Mficha maradhi..."

"Usinimalizie, naijua."

"Basi imalizie wewe."

Mdogo wake aliitoa pini taratibu, akamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha mteja, jambo ambalo katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kulifanya.

"Kesho zahanati."

"Kesho kuna hesabu kubwa. Mayai yanakaribia kuanguliwa, na Dokta anakuja mwenyewe mtini. Kesho kutwa."

"Mama naye alisema kesho kutwa."

Mdogo wake akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mrefu usiokuwa na sababu.

Dokta alikuwa mkuu wa kituo, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesoma wanyama wanaotambaa ng'ambo na nyumbani, asiyepaza sauti hata mara moja. Asubuhi ya Jumatatu alisimama chini ya Mti wa Saba na mikono nyuma.

"Mama Vidole, usiharakishe," alisema. "Leo nataka kujua mangapi yameanza kutoboka."

Akapanda. Kila kidato alikitazama kabla ya kukishika. Tundu lilikuwa jeusi na lilitoa harufu ya uyoga na mbao mbichi. Aliwaza kuwa humo ndani kuna kumi, au tisa, au hakuna hata moja, na kwamba huenda zamu zote hizo ameua na kusema wote wazima. Aliwaza mkono wake ukitoka umejaa macho. Akapiga moyo konde, akauingiza.

Giza, na kimya kwenye vidole. Akausogeza mkono mbele kidogo. Kule chini mtu alikohoa. Akaanza kuhesabu dakika kama alivyozoea, akafika ya saba, akautoa mkono, akafungua mdomo kusema kumi na moja.

"Dada," Bwana Ngazi alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Usitikise mkono."

Akautazama. Kwenye kidole cha kati, pale pale palipoungua, alining'inia mjusi-gome mzima, jike, mrefu kama kalamu. Alikuwa ameng'ata hadi taya zimekutana. Mwili wake uliyumba hewani, miguu imetanuka, na damu ilikuwa imeshashuka hadi kwenye kifundo cha mkono na kuanza kudondoka kwenye vidato. Macho yao yakakutana. Yeye hakuhisi uzito wala meno wala ubaridi wa lile tumbo. Ni kama yule mjusi alikuwa amemng'ata mtu mwingine.

Hapo ndipo alipopiga kelele. Kilichomtisha ni kule kutoumia.

Ngazi iliyumba. Bwana Ngazi alipanda vidato vitano kwa mara moja, akamkumbatia miguu, akaikandamiza ngazi mtini kwa kifua chake. "Nimekushika. Sikia, nimekushika. Shuka mguu wa kulia. Huo siyo wa kulia, dada." Jike lile likaachia, likakimbia juu ya gome, likarudi ndani ya tundu bila kugeuka.

Walimkalisha kwenye mzizi. Dokta akamshika mkono, akaugeuza, akaona alama za moto, tundu la pini, meno.

"Tangu lini huhisi?"

Alitaka kusema wiki hii. "Miezi miwili. Huenda mitatu."

"Na hesabu?"

Bwana Ngazi alikuwa amelifungua daftari na kuangalia mwandiko wake mwenyewe, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja.

"Nimeandika kwa mkono wangu huu," alisema. Hakuongeza mzaha wowote.

"Nilivunja moja," Mama Vidole alisema. "Ninalolijua ni moja. Mengine sijui, na ndilo linaloniua. Nilikuwa naogopa mkinitoa hapa nitakuwa nani. Halafu nikawa naogopa kuwa nikisema, nitakuwa kama mama."

Dokta akaomba kalamu. Akapiga mstari juu ya zamu nne, mmoja mmoja, bila haraka, na kila mstari ulisikika. Akasema kwamba Mama Vidole hatapanda tena ngazi. Halafu kalamu ikasimama.

"Huyu amekuuma ukiwa ndani? Mchana? Sisi tunasema jike akishabandika mayai hana habari nayo tena."

"Huwa wamo," Mama Vidole alisema.

"Nani?"

"Mama zao. Mmoja, siku nyingine wawili. Hukaa nyuma, kwenye mayai yaliyokomaa. Zamani nilikuwa nikimgusa tu, nasikia mbavu zinapanda na kushuka, naondoa mkono. Hatukuwahi kuudhiana."

Dokta alivua miwani. "Miaka ishirini na sita. Kwa nini hukusema?"

"Daftari lina safu ya mayai tu. Sikujua kwamba mnataka na hilo. Nilidhani nyote mnajua."

Jumanne hakuvuka barabara. Mdogo wake alimshika mkono njia nzima kama mtoto anayepelekwa shule. Muuguzi alimchoma kidole, akasoma namba kwenye kimashine, akauma mdomo. Kisha akamlaza na kumwambia afumbe macho.

"Nitakugusa miguu kwa uzi wa nailoni. Ukihisi, sema ndiyo."

Alifumba macho, akasubiri. Feni ilizunguka. Mtu alipita koridoni akivuta kandambili. Akangoja sana, hata akadhani muuguzi ametoka, akafumbua macho kidogo. Uzi ulikuwa umepinda juu ya kidole chake kikubwa cha mguu, umekandamizwa, na muuguzi alikuwa akimtazama usoni.

"Fumba, mama. Tunaendelea."

Mdogo wake alikuwa amegeukia ukuta.

Katika kisigino, mara moja, alisema ndiyo. Muuguzi akaandika. Baadaye akamweleza kuhusu vidonge, viatu, chakula na kioo cha kutazamia nyayo, na yeye akasema kioo anacho. "Umechelewa," muuguzi alisema, "ila hujachelewa sana. Vidole vya mikono sikuahidi. Miguu tuipiganie." Neno hilo, tuipiganie, halikumwondolea hofu. Lilimpa tu mtu wa kuogopa naye.

Wiki mbili baadaye Bwana Ngazi alipanda Mti wa Saba mwenyewe. Alikuwa amenawa majivu mara tatu. Dokta alikaa kwenye mzizi na daftari jipya lenye safu mbili. Ngazi ilishikwa na Mama Vidole.

"Dokta amekataa, mimi nimesema wewe ndiye wa kuishika," Bwana Ngazi alimwambia kabla ya kupanda. "Miaka kumi na minne nimekushika. Nishike na wewe, hata ukiniangusha tutakuwa sawa."

"Usinitanie leo."

"Naogopa, dada. Nisipotania nitashuka."

Akafika juu. Mkono ukamezwa na mti.

"Kuna kinachoteleza," alisema. "Kama kokoto ya mtoni."

"Kokoto au ukucha?"

"Ukucha."

"Hilo liko hai. Liache, nenda kushoto."

"Hiki kinakwaruza."

"Ameshatoka huyo. Endelea."

Ngazi ilizama kidogo kwenye matope na yeye akaegemea mbele.

"Hapa kuna lililopondeka," Bwana Ngazi alisema polepole. "Limekauka. Na la pembeni yake nalo."

Mawili. Aliyafikiria yale mawili, yaliyobandikwa na miguu ya nyuma ya jike mmoja, katika usiku mmoja.

"Hayo ni yangu," alisema. "Dokta, yaandike."

Kalamu ikaandika.

"Dada!" Sauti ya juu ilikuwa imepanda. "Dada, kuna kitu kinapumua! Kimegusa kidole changu na kinapumua!"

"Ndiye mwenyewe. Usisukume. Toa mkono taratibu, umwachie nafasi."

"Ataniuma?"

"Ukimsikia, hakuumi."

Ngazi ilitetemeka kwa hofu ya mwanamume mzima. Alitaka kuikaza. Hakujua kama ameishika kwa nguvu au ameigusa tu, kwa hiyo akainamisha kichwa, akaikodolea macho mikono yake miwili juu ya mbao, akahakikisha kwamba vidole vimefumba, na hakupepesa mpaka mguu wa Bwana Ngazi ulipogusa ardhi.